Tafuta Daktari wa Meno Kabla Jino Halijakuamsha

Wakazi wengi wa Eastlands, Nairobi, hawamchagui daktari wa meno; jino huwachagulia. Jumanne linachoma kidogo mtu akinywa chai ya moto. Alhamisi anatafuna upande mmoja na kumeza vidonge alivyonunua duka la dawa karibu na steji, mara nyingine pamoja na antibiotiki ambazo hakuna aliyemwandikia. Ijumaa usiku halali. Jumamosi asubuhi anapanda ngazi za kliniki ya kwanza yenye bango la jino linalocheka, na kabla hajaketi amekwisha kusema, "Daktari, ng'oa tu."

Mtu aliye katika hali hiyo haulizi leseni. Haulizi bei yoyote ila ya kung'oa, hatazami kama vyombo vimetoka kwenye mfuko uliofungwa, na hana subira ya kusikia kwamba jino lenyewe lingeweza kuokolewa. Ndiyo maana ushauri mkubwa nilio nao ni kwamba daktari wa meno atafutwe wiki ambayo hakuna kinachouma. Mwenye gari Buruburu humjua fundi wake kwa jina kabla gari halijamkwamia Jogoo Road. Kinywa nacho kinastahili mpango wa namna hiyo.

Na njia nyepesi ya kumpima daktari si kusoma sifa zake mtandaoni bali kwenda kusafishwa meno. Kusafisha, yaani kukwangua ugaga ulioganda kwenye shingo za meno, ni kazi fupi, haina hatari kubwa, bei yake iko chini ukilinganisha na matibabu mengine, na inakuweka ndani ya kliniki kwa muda wa kutosha ukiwa na akili zako zote. Utaona wanavyopokea watu, wanavyotunza vyombo na wanavyotoza. Usiporidhika unaondoka na meno safi, wala huna jino lililotobolewa nusu linalokulazimisha kurudi. Mengi nitakayosema hapa ni ya kukusaidia kuitumia vizuri ziara hiyo ya kwanza.

Karatasi mbili ukutani

Ukifika mapokezi, tazama ukuta kabla ya kuketi. Nchini Kenya daktari wa meno huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana zaidi kwa herufi zake, KMPDC. Ndicho chombo kilichoitwa Bodi mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Unatafuta karatasi mbili tofauti: leseni ya mwaka huu ya daktari mwenyewe, na leseni ya mwaka huu ya kliniki. Watu huzichanganya. Cheti cha digrii kilichotiwa fremu hupendeza, ila hakikuambii kama mwenye nacho anaruhusiwa kutibu mwaka huu. Leseni ya kliniki nayo haikuambii ni nani aliyevaa barakoa leo.

Soma jina, kisha uliza kwa adabu: "Leo nitaonwa na daktari yupi?" Ikiwa si yule wa ukutani, uliza jina la aliyepo. Baraza limeweka rejista kwenye tovuti yake. Unaandika jina na kuona kama mtu huyo ameandikishwa na kama leseni yake ingali hai. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu, unaweza kuimaliza ukiwa bado ndani ya matatu.

Suala la aliye nyuma ya barakoa lina uzito, maana mitaani kwetu kila mwenye koti jeupe ni "dokta", hata anayeuza dawa. Daktari wa meno kamili amesoma shahada ya upasuaji wa meno kwa miaka 5, aghalabu Chuo Kikuu cha Nairobi au cha Moi, kisha akafanya kazi hospitalini chini ya wengine kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Juu yake wako mabingwa: wa kunyoosha meno, wa watoto, wa fizi, wa upasuaji wa kinywa na taya. Kuna pia maofisa wa afya ya kinywa, ambao husomea diploma katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, na kuandikishwa na Baraza hilo hilo. Usiwadharau. Kwa kusafisha, kwa kufundisha watoto kupiga mswaki na kwa kazi nyepesi, wengi wana mkono mzuri kabisa. Tatizo huja pale mmoja wao anapojiita daktari na kuanza kuchimbua gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa. Halafu kuna fundi wa maabara, anayetengeneza meno bandia kwa vipimo vilivyochukuliwa na daktari. Ni mwenye ustadi, lakini kinywa cha mgonjwa si karakana yake. Anayekuahidi jino bandia leo leo, bila picha, bila kupimwa, katika chumba kisicho na karatasi yoyote ukutani, mkimbie hata kama bei yake ni nusu ya wengine.

Karibu na nyumbani, au mbali kwa sababu

Kliniki za binafsi hazikosekani Buruburu, Donholm, Umoja, Komarock na Eastleigh, nyingi zikiwa ghorofani juu ya maduka. Unapochagua, kumbuka kwamba matibabu ya meno ni safari za kurudia. Kuokoa jino kunaweza kuhitaji ziara mbili au tatu. Waya za kunyoosha meno zitakurudisha kila baada ya wiki kadhaa, kwa mwaka mmoja au miwili. Daktari wa Westlands mwenye sifa nzuri hupungua uzuri mvua ikinyesha, nauli ikipanda, nawe uko Outering Road saa kumi na mbili jioni na pamba kinywani. Anayefungua Jumamosi, au jioni baada ya saa za kazi, mahali unapoweza kufika kwa miguu au kwa gari moja, ana alama za kutosha kabla hujamwona.

Ukiwa mtu wa Kayole, Umoja au Komarock, hospitali ya umma iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka 2011. Ina idara ya meno, na bei zake ziko chini kuliko za kliniki za binafsi. Unacholipa pale ni muda: nenda alfajiri, beba kitambulisho na uvumilivu. Hospitali ya Kenyatta ni ya mambo mazito, taya iliyovunjika au upasuaji, na mara nyingi utapelekwa huko kwa barua kutoka kwingine.

Mahali ambapo watu wa Eastlands hupasahau ni Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Argwings Kodhek Road, Hurlingham. Ukitoka mjini, matatu za namba 46 hupita hapo. Wanafunzi hutibu wagonjwa chini ya macho ya wahadhiri. Kazi ambayo daktari wa mtaani angeimaliza kwa nusu saa inaweza kula asubuhi yako nzima, kwa sababu kila hatua hukaguliwa kabla ya kuingia ya pili. Wengi huogopa kuwa uwanja wa majaribio wa wanafunzi. Mimi naona kinyume: ni mara chache mgonjwa wa Nairobi hupata watu wawili wakibishana kwa makini juu ya gego lake, tena kwa bei nafuu. Kama una siku ya mapumziko katikati ya wiki, ni pazuri.

Kuhusu bima, piga simu kabla ya kwenda. Bima ya zamani ya serikali, NHIF, ilikwisha, na tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi yake. Usidhani kwamba kilicholipiwa zamani kinalipiwa sasa, wala kwamba kliniki iliyokuwa kwenye orodha ya zamani bado imo. Bima za kazini nazo huwa na kiasi kidogo kilichotengewa meno peke yake, na nyingi hazigusi urembo wala waya. Uliza kiasi kilichobaki. Tena uliza bei ya mtu anayelipa taslimu. Ukikuta ya bima iko juu mno kwa kazi ile ile, jua kwamba kiasi chako cha mwaka kitakwisha kabla ya Juni, na umejifunza jambo kuhusu kliniki hiyo.

Unapokuwa kitini

Daktari mzuri huuliza kabla ya kutazama. Atataka kujua kama una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu, kama unameza dawa za kupunguza kuganda kwa damu, kama penisilini huleta vipele mwilini mwako, kama una mimba. Maswali hayo si ya kupoteza muda. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini, inayogusa moyo na presha, na mtu ambaye damu yake haigandi upesi anaweza kutoka damu usiku kucha baada ya kung'olewa jino moja. Asipouliza, mwambie wewe. Mwambie na kuhusu miraa au muguka ulioutafuna jana. Humwambii ili akuhukumu. Kama unatumia dawa za virusi vya UKIMWI, sema. Sheria ya Afya ya 2017 inamfunga mdomo. Anayekuja na sindano mkononi akiwa hajakuuliza hata jambo moja, mwombe asubiri.

Sasa vyombo. Hapa ndipo ningependa uwe msumbufu. Vyombo vinavyoingia kinywani vinagusa damu, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku kadhaa. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Kuloweka kwenye Jik hakutoshi. Kinachotakiwa ni mtungi wa mvuke wenye shinikizo, ambao madaktari huuita otoklevu, unaofikisha nyuzi 121 kwa dakika 15 hivi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi kidogo. Vyombo huingia humo vikiwa ndani ya mifuko ya karatasi na plastiki yenye alama inayobadilika rangi joto likifika. Kwa hiyo unachotaka kuona ni mfuko uliofungwa, alama iliyogeuka rangi, na mkono unaoufungua mbele yako. Kama vyombo vimekwisha kupangwa kwenye sinia ukiingia, sema tu, "Naomba kuona mnapovisafishia." Kliniki inayojiamini itakuonyesha, hata kwa fahari. Inayokasirika imekujibu.

Tazama pia glavu. Zimevaliwa upya baada ya mgonjwa aliyetoka? Na daktari akishika simu kutazama ujumbe wa M-Pesa kisha akarudi kinywani mwako na glavu zile zile, hilo nalo ni jibu. Sindano ifunguliwe mpya, na iliyotumika iingie kwenye boksi gumu la vitu vyenye ncha, isitupwe kwenye pipa la taka za kawaida.

Swali moja ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji, nasi tunalijua vizuri: stima ikipotea? Umoja na Kayole mnajua. Mashine ya kutoboa ikizimika katikati ya jino ukiwa na ganzi ya saa mbili, unataka kusikia jenereta au betri ikiitikia. Uliza na habari ya maji, maana mifereji ya mitaa yetu hutoa maji kwa zamu, na kliniki ya meno isiyo na tangi haiwezi kuwa safi siku saba za wiki.

Kuhusu kusafishwa kwenyewe: fizi zitatoka damu kidogo, na meno yatahisi baridi kwa siku chache. Utasikia watu wakisema kusafisha hulegeza meno na kuleta mapengo. Pengo lilikuwepo, ugaga ndio uliolijaza. Meno yaliyolegea yalilegezwa na ugonjwa wa fizi ambao ugaga huo uliulisha kwa miaka. Mpime daktari kwa jambo hili pia: akikueleza mwenyewe bila kuulizwa, akakupa kioo uone kabla na baada, ni mtu anayependa mgonjwa wake aelewe.

Kung'oa au kuokoa

Mwishoni mwa kusafisha atayahesabu meno yako na kukuambia alichoona. Hapa ndipo penye pesa, na ndipo ningekaa zaidi.

Jino lililotoboka kidogo huzibwa, basi. Likitoboka mpaka kwenye mshipa wa ndani, njia ni mbili: kung'oa, au kusafisha mfereji wa mzizi, kuujaza, kisha mara nyingi kulivisha jino kofia. Kung'oa ni mara moja na ni rahisi. Kuokoa ni ghali mara kadhaa na huchukua ziara zaidi. Ukiwa na kodi ya nyumba ya kulipa tarehe tano, hesabu hiyo inaonekana imejijibu, na sitamlaumu mtu aliyeng'oa kwa kukosa. Lakini kamilisha hesabu. Gego likiondoka, majirani zake huinama kuelekea kwenye pengo, na la juu yake huanza kushuka kwa kukosa la kusagana nalo. Chakula kinakwama mahali papya, na meno mengine mawili yanaanza safari ya kuoza. Ukija kutaka kulijaza pengo hilo baadaye, daraja au jino la kupandikizwa kwenye mfupa litakugharimu kuliko mzizi uliokataa kuutibu.

Daktari wa kumshika ni yule anayekuwekea njia zote mbili mezani, pamoja na bei na madhara ya kila moja, halafu akanyamaza uamue. Huo si ukarimu wake. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mtoa huduma akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na kwamba una haki ya kukataa. Na akueleze kwa lugha unayoielewa. Ukielezwa kwa Kiingereza cha chuoni, mwambie arudie kwa Kiswahili. Sheng pia yafaa, kama anaiweza.

Mwogope anayesema "ng'oa" kabla hajapiga picha. Kliniki ndogo inaweza kukosa mashine ya eksirei, hilo si kosa. Itakupa karatasi ukapige kwingine na urudi. Kosa ni kukisia mizizi ya jino kwa macho. Mwogope vilevile wa upande wa pili, anayekukuta hujaumwa na chochote na kukuhesabia meno saba ya kuziba. Huenda ni kweli. Mwombe picha, mwombe akuonyeshe kila shimo, kisha ubebe picha hiyo kwa daktari mwingine. Picha uliyoilipia uondoke nayo, hata kama ni kwenye WhatsApp. Na ukikuta daktari anayefunika jino kwa kipande cha mpira kabla ya kusafisha mzizi, mate yasiingie na vifaa vidogo visikuingie kooni, umepata anayefanya kazi kwa utaratibu.

Akisema ataziba, uliza ataziba kwa nini. Mjazo ule wa rangi ya fedha una zebaki karibu nusu ya uzito wake. Ni imara na umetumika kwa zaidi ya karne, ila nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2022 usitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, kwa meno ya utotoni, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hakuna budi. Kama unao wa zamani na hauna shida, acha ulivyo. Hakuna haja ya kuuchimbua.

Bei iandikwe kabla kazi haijaanza, hata nyuma ya kadi. Zipo kanuni za ada za madaktari na madaktari wa meno za mwaka 2016, kwa hiyo kuuliza bei si utovu wa adabu. Madaktari wengi wa mitaani hukubali kulipwa kidogo kidogo kwa kila ziara, na kwa jino la kuokolewa mpango huo husaidia sana. Lipa kwa namba ya till au paybill yenye jina la kliniki, si kwa simu ya mtu, na udai risiti inayotaja jino na kazi iliyofanywa. Risiti iliyoandikwa "dental" peke yake haitakusaidia kitu miezi sita baadaye.

Meno ya kahawia

Wengi hufika kliniki wakiomba kung'arishwa. Ukiwa umekulia Nakuru, Naivasha, au popote palipo na maji ya visima virefu yenye floraidi nyingi, madoa yako ya kahawia yamo ndani ya jino. Yaliingia wakati jino likiumbika, kabla hata halijatokeza. Kukwangua hakuyatoi. Daktari mkweli atakuambia hivyo na kukuonyesha kinachowezekana, kusugua kidogo tabaka la juu au kulivisha jino ganda jembamba, na bei yake. Anayekuahidi meno meupe kama ya tangazo kwa kikao kimoja cha Jumamosi anakuuzia dawa ya tatizo jingine.

Wazazi, hili linatuhusu hata huku. Maji ya mfereji yatokayo Ndakaini hayana shida hiyo, lakini mitaa mingi ya mashariki, kuanzia Pipeline hadi Utawala na Ruai, hununua maji ya visima, na visima kadhaa vya Nairobi na kandokando yake vina floraidi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha hakuitoi, huizidisha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanajengeka, tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia uji. Daktari wa meno anayeuliza mtoto anakunywa maji gani anajua anafanyia kazi wapi.

Ukienda na mtoto

Mtoto apelekwe mara ya kwanza akikaribia kutimiza mwaka mmoja, asingoje kuumwa. Atazame kiti, ahesabiwe meno, arudi nyumbani. Mtazame daktari anavyozungumza naye. Na kauli yako wewe mzazi irekebishe: ukimtisha mtoto miaka mitano kwamba asipomaliza chakula atapelekwa kudungwa sindano na daktari wa meno, usishangae akimwuma vidole.

Wazazi wengi hupitwa na gego la miaka 6. Linaota nyuma ya meno yote ya utotoni bila kung'oa lolote, kwa hiyo nyumbani hudhaniwa kuwa la utotoni, la kuachwa litoboke kwa kuwa "litaanguka". Haliangushwi na kitu. Ndilo la maisha. Mwombe daktari akuonyeshe lilipo, na uulize kuhusu kuyafunika mabonde yake kwa dawa ya kuzuia kuoza. Hata ya utotoni si ya kupuuzwa, maana magego yake hukaa mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12.

Na mtoto mchanga anayehara au kuwa na homa, jirani akisema ana "meno ya plastiki" yanayotakiwa kuchimbuliwa, kataa kata kata. Uvimbe mweupe unaoonyeshwa kwenye ufizi ni chembechembe za meno yake ya kweli. Wanaoyachimba kwa njiti ya baiskeli au kisu wameacha watoto na maambukizi ya damu, na wengine wamewaua. Mtoto huyo anahitaji daktari wa watoto siku hiyo hiyo.

Yasiyongoja, na yakiharibika

Uvimbe wa shavu unaofunga jicho, uvimbe chini ya kidevu, shida ya kumeza au kupumua, homa kali pamoja na jino: usitafute kliniki ya ghorofani. Nenda sehemu ya dharura ya hospitali, Mama Lucy au Kenyatta, hata kama ni saa nane usiku. Usaha wa jino hushuka shingoni, na huua.

Mimba si sababu ya kuvumilia maumivu. Matibabu hufanyika, na miezi ya katikati, wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye wepesi zaidi.

Ukitaka kumhama daktari, huhitaji kugombana. Omba nakala ya maandishi na picha zako uende. Lakini ukiumizwa, jino zima likang'olewa badala ya bovu, au ukagundua aliyekutibu hana leseni, usiishie kulalamika kwa majirani. Rudi kwanza umweleze mwenyewe, kwa kuwa makosa mengine hurekebishika. Asiposikia, andika barua kwa Baraza, ambalo ofisi zake ziko Woodlands Road, karibu na Lenana Road, ukiambatanisha risiti, picha na tarehe. Peleka malalamiko hata kama jino limekwisha kwenda. Bila barua, Baraza halina njia ya kujua yanayotendeka ndani ya chumba hicho, na mwaka ujao leseni itatolewa tena.